Mboga za kipupwe katika matuta ya fremu: mwongozo kwa bustani za nyumbani za nyanda za baridi

Kila mwaka, mvua zikishakatika na upepo wa Mei ukianza kuvuma, maswali huwa yale yale. Mtu aliyehamia Njombe kutoka Dar es Salaam au Morogoro huuliza kwa nini mchicha wake umedumaa katika urefu wa kidole kwa wiki tatu. Mwingine huuliza kwa nini kabichi za jirani zimeanza kufunga ilhali zake, alizozipanda Juni, bado zina majani manne. Wa tatu huonyesha nyanya zilizokuwa na maua jana jioni, na leo asubuhi zimelegea na kuwa nyeusi kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa kila anayelima bustani ya nyumbani Njombe, Makete, Mufindi, katika milima ya Uporoto, au mahali pengine pa Nyanda za Juu Kusini ambapo baridi ya Juni hadi Agosti hufika kiasi cha kuunguza majani.

Jambo moja tu la nadharia linahitajika kabla ya kazi kuanza. Maelezo mengi ya kulima mboga wakati wa baridi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako shida kubwa ni upungufu wa mwanga: mchana wa mwishoni mwa Desemba jijini London haufiki saa nane. Kwetu sivyo. Hata katika Juni mchana una zaidi ya saa kumi na moja na nusu, na mara nyingi jua huwaka vizuri baada ya ukungu kuondoka. Kinachozuia mboga kukua ni usiku wa baridi, udongo uliopoa, na ukavu wa msimu usio na mvua. Kwa hiyo kazi yako yote ina mambo mawili: kupanda mapema ili mmea uwe umeshika kabla baridi haijakolea, na kulishika joto la mchana lisipotee usiku.

Tuta lililoinuliwa kwa fremu husaidia yote mawili, kwa sababu udongo wake haukai na maji, hupata jua kwa haraka asubuhi, na ni rahisi kufunikwa. Tena linaweza kujengwa karibu na nyumba, katikati ya mteremko. Hilo ni la maana kuliko wengi wanavyodhani. Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka usiku kuelekea bondeni kama maji. Vinyungu vyetu, yaani bustani za mabondeni, vina maji na rutuba, lakini ndiko jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, inakotua kwanza na ndiko inakokaa hadi jua lipande. Nimewahi kutoka nyumbani alfajiri ya Julai, nikateremka hatua mia mbili hadi kwenye kinyungu, nikakuta majani yamefunikwa na chembe nyeupe kama chumvi, ilhali matuta ya kando ya nyumba yalikuwa na umande wa kawaida tu.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Vipimo vilivyomo humu ni vya tuta moja lenye upana wa meta 1.2, urefu wa meta 3 na kimo cha sentimita 30. Kwa anayeanza, matuta mawili ya kipimo hicho yanatosha kuilisha nyumba ya watu watano mboga za majani.

- Mabanzi au mbao za kutosha kuzunguka meta 8.4 kwa kimo cha sentimita 30, pamoja na vigingi 8 na misumari ya inchi 4. Mahali penye viwanda vya kupasua mbao, mabanzi hupatikana kwa bei ndogo. Matofali ya kuchoma au mawe ni bora zaidi ukiwa nayo, kwa sababu hutunza joto la jua hadi usiku.
- Udongo wa juu madebe 32, samadi iliyoiva au mboji madebe 18, na mchanga wa mtoni madebe 4. Jumla ni madebe 54, ambayo ndiyo ujazo wa tuta hilo. Weka akiba ya madebe mengine 5, kwa kuwa udongo utatulia na kushuka.
- Chokaa ya kilimo au jivu safi la kuni.
- Fito 5 za mianzi mibichi, kila moja ikiwa na urefu wa meta 2.2 hivi, na ufito mwingine mmoja mrefu wa kuunganisha matao yote.
- Nailoni angavu ya aina inayotumika kwenye vitalu nyumba, yenye upana wa meta 2.5 na urefu wa meta 4.5. Usipoipata, shuka kuukuu, mablanketi mepesi au viroba vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja vitafanya kazi ya usiku.
- Madumu 6 ya lita 5, yasiyovuja.
- Keni ya kumwagilia, ndoo, jembe, sepeto, reki na futi kamba.
- Kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Si lazima, lakini kitakuondolea kubahatisha.
- Mbegu kutoka duka la pembejeo, zenye tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo haijapita.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali mwezi wa Machi, kwa kulifikiria jua la Juni. Hapa ndipo watu hukosea bila kujua. Machi jua hupita karibu na utosi, lakini Juni hupita upande wa kaskazini, na vivuli vyote huangukia kusini. Mti, ukuta au ua ulio kaskazini mwa tuta utalinyima jua katika miezi ile ile ambayo unalihitaji zaidi. Chagua mahali palipo wazi upande wa kaskazini, panapopata jua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukuta wa nyumba ulio upande wa kusini wa tuta ni neema, kwa sababu hupokea jua mchana na kulirudisha joto usiku. Epuka sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, na epuka pia kulijenga tuta nyuma ya uzio mzito ulio upande wa chini wa mteremko, kwa kuwa uzio huo huizuia hewa baridi isipite na kuifanya ituame juu ya mboga zako.

2. Jenga fremu. Lielekeze tuta mashariki kwa magharibi ili mboga ndefu zikae kusini na fupi kaskazini bila kutiana kivuli. Kwatua udongo wa chini kwa kina cha sentimita 20 na uuache hapo hapo, kisha simamisha vigingi, pigilia mabanzi, na acha njia ya sentimita 60 kati ya tuta na tuta. Upana wa meta 1.2 usizidishwe. Ukizidi, utalazimika kukanyaga ndani ili kufikia katikati, na udongo uliokanyagwa hupoteza faida yote ya tuta la fremu.

Onyo: usiyapake mabanzi oli chafu ya gari kwa nia ya kuzuia mchwa na kuoza. Najua ni desturi ya wengi kwa nguzo za uzio, na kwa uzio mimi sina neno, lakini oli hiyo ina metali na sumu ambazo huingia kwenye udongo unaootesha chakula cha watoto wako. Mabanzi ya misindano yasiyopakwa chochote yataoza baada ya miaka michache, nawe utaweka mengine.

Onyo la pili: usitandike nailoni chini ya tuta. Mizizi ya kabichi na karoti inahitaji kushuka, na maji ya ziada yanahitaji njia.

3. Jaza tuta wiki nne kabla ya kupanda. Changanya udongo, samadi na mchanga juu ya ardhi kwanza, ndipo ujaze. Udongo wa nyanda hizi mara nyingi una tindikali, hivyo tia chokaa ya kilimo kwa kufuata maelekezo ya mfuko, au kopo moja la lita la jivu kwa tuta zima, likinyunyizwa sawasawa. Jivu likizidi huharibu udongo kwa upande wa pili, kwa hiyo kopo moja kwa mwaka latosha. Ni vizuri pia jivu lichanganywe na udongo siku kadhaa kabla ya samadi kuingia, kwa sababu vikikutanishwa pamoja sehemu ya naitrojeni ya samadi hupotea hewani.

Samadi iliyoiva haina joto mkononi, haitoi harufu kali, na huwezi tena kuitambua nyasi aliyokula ng'ombe. Ikiwa bado ina mvuke au harufu ya mkojo, iache kwenye lundo. Samadi mbichi huunguza mizizi ya miche na huzaa magugu mengi.

Lipo kosa jingine la mahali penye misitu ya kupandwa: kujaza tuta kwa maranda. Maranda mabichi, wakati yakioza, huchukua naitrojeni iliyo kwenye udongo, na mboga hubaki za njano. Yatumie kwenye njia kati ya matuta, ambako yatazuia tope na magugu, au yalundike kwa mwaka mzima pamoja na samadi kabla ya kuyaingiza.

4. Chagua mboga zinazoipenda baridi, au angalau zinazoivumilia. Zinazofanya vizuri ni kabichi, sukuma wiki, figiri, spinachi, saladi, karoti, bitiruti, vitunguu maji, vitunguu saumu, liki na giligilani. Sukuma wiki ndiyo ngumu kuliko zote, na wapo wanaosema, nami nakubaliana nao, kwamba majani yake yanakuwa matamu zaidi baada ya usiku kadhaa wa baridi kali, kwa sababu mmea hujikinga kwa kuongeza sukari ndani ya majani.

Njegere zinahitaji maelezo yake. Mmea wake mchanga huvumilia jalidi nyepesi, lakini ua na ganda changa havivumilii. Kwa hiyo usizipange zitoe maua Juni au Julai. Zipande mwanzoni mwa Machi uzichume kabla ya baridi, au zipande katikati ya Julai ili zitoe maua baridi ikiwa imepita.

Mchicha, bamia, matango, maboga, maharage, pilipili hoho na nyanya visubiri Septemba. Viazi mviringo navyo majani yake huunguzwa na jalidi kwa usiku mmoja tu. Ukipenda kujaribu nyanya ndani ya kifuniko, jaribu miche miwili ya majaribio, si tuta zima.

5. Andaa miche kuanzia katikati ya Machi. Tarehe ndiyo roho ya mwongozo huu. Sia kabichi, sukuma wiki na liki kitaluni kati ya katikati ya Machi na wiki ya pili ya Aprili, na saladi na spinachi hadi mwisho wa Aprili. Karoti, bitiruti na figiri husiwa moja kwa moja kwenye tuta, zisivuke wiki ya kwanza ya Mei. Vitunguu saumu hupandwa kwa punje katika Aprili.

Sababu ni kwamba mbegu huhesabu joto la udongo, wala haijali kalenda. Mbegu ya karoti inayochipua kwa wiki moja katika udongo wenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki mbili udongo ukiwa na nyuzi 10, na katika muda huo wote inaweza kuoza au kuliwa. Mmea uliokwisha kufikisha majani manane kabla ya katikati ya Juni utaendelea kukua polepole. Uliofikisha majani matatu utasimama na kusubiri Agosti. Ukichelewa, usilazimishe. Nunua miche mikubwa iliyokomaa kwa mtu mwingine, au panda sukuma wiki kwa vipandikizi vya machipukizi ya pembeni, ambavyo hushika upesi kuliko mbegu.

Kitalu kiwe chepesi na kisimwagiliwe kupita kiasi. Miche iliyobanana kwenye udongo wenye maji na baridi hupatwa na kinyausi: shina hunywea usawa wa udongo kama lililofungwa uzi, na mche huanguka. Punguza miche ingali midogo, hata kama roho inauma kuing'oa.

6. Hamishia miche tutani katika Mei. Fanya kazi hiyo asubuhi ya siku yenye jua, ili miche ipate saa kadhaa za joto kabla ya usiku wake wa kwanza. Kwa kabichi weka mistari miwili, sentimita 45 kati ya mche na mche. Sukuma wiki ikae kwa sentimita 40, spinachi 30, saladi 25. Karoti zisiwe kwenye mistari inayokaribiana chini ya sentimita 20, na baadaye zipunguzwe zibaki kwa nafasi ya sentimita 5. Fukia shina la kabichi na sukuma wiki hadi usawa wa majani ya kwanza. Shina refu lililo wazi ndilo linaloyumbishwa na upepo na kukatwa na sota, yule kiwavi wa udongoni anayekata miche usiku.

Wiki moja kabla ya kuhamisha, iache miche nje usiku bila kifuniko na upunguze maji kidogo. Mche uliodekezwa ndani ya kitalu chenye joto hauna kinga ukikutana na usiku wa Mei.

7. Simamisha matao kabla hujayahitaji. Usingoje usiku wa jalidi ndipo uanze kutafuta mianzi kwa tochi. Mwishoni mwa Mei chomeka ufito mmoja kila baada ya sentimita 75, ncha zote mbili zikiingia sentimita 25 ndani ya udongo, ukipinda juu ya tuta. Funga ufito mwingine mrefu kileleni kuunganisha matao yote. Kilele kiwe juu ya mboga ndefu kuliko zote kwa sentimita 15 angalau, kwa sababu jani linalogusa nailoni usiku hupoteza joto moja kwa moja na huungua pale pale lilipogusa. Utaiona alama hiyo asubuhi: jani zima ni la kijani isipokuwa kiraka kimoja cha rangi ya maji.

Pakia udongo au nyasi kavu kuzunguka nje ya mabanzi, hasa pembe za tuta, kwa kuwa tuta la fremu hupoa kwa pembeni pia wala si kwa juu peke yake. Wengi huisahau kazi hii ndogo, halafu wanashangaa mistari ya pembeni ikiungua na ya katikati ikabaki.

Madumu ya lita 5 yajaze maji, yapake rangi nyeusi au yafunike kwa mfuko mweusi, na yapange matatu kila upande ndani ya matao, mahali jua linapofika. Mchana maji hunywa joto. Usiku huliachia polepole. Ni msaada mdogo, lakini katika usiku ambao baridi imekaribia tu kufika kwenye jalidi, msaada mdogo ndio unaotofautisha jani zima na jani lililoungua.

8. Funika na funua kwa saa. Kazi hii hufanywa kila siku, na ndiyo inayowashinda wengi.

Funika saa 10 na nusu hadi saa 11 jioni, jua likiwa bado halijazama. Nia ni kulifungia ndani joto la udongo. Ukifunika saa 2 usiku utakuwa umeifungia baridi. Kandamiza kingo za kifuniko kwa mawe au mbao pande zote, kwa kuwa upenyo mmoja upande wa juu wa mteremko unatosha kuingiza hewa baridi.

Funua saa 3 asubuhi. Siku ya jua, joto ndani ya nailoni iliyofungwa huweza kupita nyuzi 40 kabla ya saa sita, na mboga iliyookoka jalidi ikafa kwa kuchemka. Ukijua kwamba hutakuwepo mchana, acha ncha zote mbili wazi tangu asubuhi. Ukiwa umetumia shuka au viroba, lazima viondolewe kabisa, maana vinazuia mwanga.

Si kila usiku una jalidi, nawe utajifunza kuusoma. Usiku wa mawingu au wa upepo kwa kawaida ni salama. Wa kuogopwa ni ule ambao siku nzima ilikuwa na upepo mkavu wa baridi, kisha jioni upepo ukakatika ghafla, mbingu ikawa safi na nyota zikawaka bila wingu hata moja. Kwangu, kipimajoto kikionyesha chini ya nyuzi 8 saa 2 usiku katika hali hiyo, naongeza blanketi juu ya nailoni. Fuatilia pia mwelekeo wa kipupwe na utabiri wa kila siku wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ukikumbuka kwamba bondeni kwako huenda kukawa na baridi kuliko ilivyotangazwa kwa mkoa.

Onyo: usiweke jiko la mkaa chini ya kifuniko. Nailoni huyeyuka, mianzi mikavu huwaka, na anayeinama kulichochea huvuta hewa ya sumu.

9. Mwagilia asubuhi, na mwagilia udongo. Kipupwe ni kiangazi pia, jambo linalosahaulika kwa sababu ngozi haihisi joto. Tuta moja linahitaji karibu lita 80 kwa wiki, yaani ndoo mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki. Mwagilia kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kwenye shina, ili majani yawe makavu na udongo uwe umepata joto kabla ya jioni. Maji ya jioni huacha majani yakiwa na unyevu usiku kucha, na hapo ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, hupata makao.

Hata hivyo usiuache udongo ukauke kabisa eti unaogopa baridi. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana vizuri kuliko udongo mkavu, kwa hiyo siku unayotarajia jalidi mwagilia asubuhi yake bila kukosa. Kwa sababu hiyo hiyo, matandazo ya nyasi yawe membamba, na katika wiki za baridi kali yasogeze pembeni mchana ili jua liguse udongo. Matandazo mazito yanafaa Septemba. Julai yanalizuia joto lisiingie mchana na lisitoke kusaidia majani usiku.

10. Lisha kidogo na vuna kwa kuchuma. Katika udongo baridi samadi huachia chakula polepole. Kila baada ya wiki tatu mpe mmea mbolea ya maji: loweka debe moja la samadi iliyoiva katika kiroba ndani ya pipa la maji kwa wiki mbili, kisha changanya kopo moja la mbolea hiyo na makopo manne ya maji. Usiongeze urea ukidhani unaharakisha. Majani laini yaliyokuzwa kwa urea ndiyo ya kwanza kuunguzwa.

Sukuma wiki na spinachi zichumwe majani ya nje, matatu au manne kwa mche, na moyo uachwe. Kasi ya kuchipua itakuwa karibu nusu ya ile ya wakati wa joto, kwa hiyo hesabu mavuno yako kwa wiki mbili mbili. Usichume kabla jalidi haijayeyuka juani: jani lililoganda likishikwa huvunjika ndani kwa ndani na kuoza baadaye.

Mambo yakienda vibaya

*Majani yamegeuka ya zambarau.* Katika kabichi na karibu mboga zote za jamii yake, hii kwa kawaida ni dalili kwamba mizizi imeshindwa kuchukua fosforasi kwa sababu ya baridi, si kwamba udongo hauna. Usimwage mbolea. Funika mapema zaidi, sogeza matandazo, na rangi itarudi kadiri udongo unavyopata joto.

*Majani yote ni ya njano kuanzia chini.* Naitrojeni haitoshi, au kuna maranda mabichi tutani. Toa mbolea ya maji kila wiki kwa wiki tatu.

*Jalidi imeunguza majani.* Usiyakate siku hiyo hiyo. Majani yaliyoungua, ingawa hayapendezi, huukinga moyo wa mmea dhidi ya usiku unaofuata. Subiri hadi uone majani mapya yakichomoza katikati, kisha ondoa yaliyokauka. Kabichi na sukuma wiki hupona mara nyingi. Saladi iliyoganda hadi moyoni haiponi, ing'oe.

*Vitunguu vimetoa shina la ua.* Miche ilikuwa minene mno baridi ilipoanza, ikadhani mwaka umepita. Vivune mapema uvitumie, havitakaa ghalani. Mwaka ujao hamisha miche yenye unene wa penseli au pungufu.

*Mche umekatwa usawa wa udongo usiku.* Ni sota. Fukua kuzunguka shina kwa kidole, utamkuta amejikunja sentimita mbili au tatu chini ya udongo. Muue, kisha zungushia kila mche mpya pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini.

*Vidukari wamejazana chini ya majani.* Ukavu wa kipupwe huwafaa, na kifuniko huwakinga dhidi ya ndege na upepo. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo asubuhi, rudia baada ya siku nne, na uwaache mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa unaowaona hapo, maana chakula chao ni vidukari hao hao.

*Matone mengi ndani ya nailoni, na ukungu wa kijivu chini ya majani.* Hewa haibadilishwi. Fungua ncha za matao mapema, ondoa majani yaliyougua na uyachome mbali na lundo la mboji.

Agosti inapokwisha

Kuanzia wiki ya tatu ya Agosti anza kuacha kifuniko wazi usiku wa mawingu, kisha usiku mmoja baada ya mwingine, lakini usiyang'oe matao mpaka katikati ya Septemba, kwa kuwa jalidi ya mwisho huwakuta watu wakiwa wamekwisha kusahau. Nailoni ioshwe, ikaushwe kivulini na ikunjwe mahali panya hawafiki. Ikitunzwa hivyo itatumika misimu kadhaa. Udongo wa tuta utakuwa umeshuka kwa vidole vinne hivi. Ujazie madebe ya mboji, na mahali palipokuwa na kabichi panda maharage au nyanya, wala si kabichi tena.